Hatari ya Akili Unde Haianzi na Uasi wa Mashine

Tarehe 15 Januari 2021 baraza zima la mawaziri la Uholanzi lilijiuzulu. Lililoliangusha ni posho ya malezi, msaada wa serikali kwa wazazi wanaofanya kazi na kulipia vituo vya kulelea watoto. Kwa miaka mingi mamlaka ya kodi ya nchi hiyo iliwaandama wazazi zaidi ya 20,000 kwa tuhuma za udanganyifu ambao wengi wao hawakuufanya. Waliamriwa kurudisha posho yote, wengine makumi ya maelfu ya euro, wakati mwingine kwa kosa dogo tu la kwenye fomu. Watu walipoteza nyumba. Ndoa zilivunjika. Zaidi ya watoto 1,000 wa familia hizo waliondolewa kwa wazazi wao na kulelewa kwingine. Wengi wa walioumizwa walikuwa na asili ya Uturuki, Moroko na Suriname.

Nyuma ya sakata hilo palikuwa na sheria kali, na palikuwa na programu ya kompyuta. Tangu 2013 mamlaka hiyo ilitumia mfumo uliojifunza wenyewe kutokana na data za nyuma, ukimpa kila mwombaji alama ya hatari. Kutokuwa raia wa Uholanzi kulikuwa miongoni mwa vigezo vilivyopandisha alama. Faili lenye alama ya juu lilipelekwa kwa ofisa, mtu mwenye macho na akili zake, alipitie. Lakini ofisa huyo hakuambiwa kwa nini mfumo umelitilia shaka. Alichokiona ni alama. Mzazi alipouliza amekosea wapi, hapakuwa na mtu ofisini mwenye jibu la kumpa.

Naanzia Uholanzi kwa makusudi. Mijadala ya hatari za akili unde (AI) imegawa watu kambi mbili. Wa kwanza wanazungumzia madhara ya leo: ubaguzi, utapeli, ajira zinazopukutika. Wa pili wanazungumzia mashine za kesho zitakazotuzidi akili na kututoka mikononi. Kambi hizi zinabezana, moja ikiiona nyingine inaota ndoto za mchana, nyingine ikiona mwenzake anahangaika na vijidudu ilhali mamba yuko mtoni. Kwa maoni yangu wote wanaangalia kitu kimoja katika hatua mbili za ukuaji wake. Tunaiachia mashine uamuzi, tunaipa kipimo mahali pa kusudio letu, halafu tunagundua kwamba hakuna anayeweza kuiuliza "kwa nini?" na kupata jibu la kweli. Mfumo wa Uholanzi ulikuwa mdogo sana ukilinganisha na mashine za sasa, na bado ulichangia kuiangusha serikali.

Mashine isiyoandikwa na mtu

Ili tuelewane, inabidi tuone mashine hizi zinatengenezwaje, maana hapo ndipo mambo yanapochanganya watu wengi.

Programu za zamani ziliandikwa amri baada ya amri. Ukitaka kompyuta ikate kodi ya mshahara, unaandika: mshahara ukizidi kiasi hiki, kata asilimia hii. Likitokea kosa unafungua maandishi, unausaka mstari wenye kasoro, unaurekebisha. Kama kuna dhuluma ndani yake, imeandikwa na mtu na inaweza kusomwa na mtu.

Akili unde ya sasa haiandikwi hivyo. Wahandisi wanajenga mtandao mkubwa wa namba, wanaupitishia mifano mingi mno, na kuuacha urekebishe namba zake kidogo kidogo mpaka majibu yake yakaribiane na yanayotakiwa. Mtandao uliokwisha kufundishwa huitwa modeli. Modeli ya GPT-3 ya OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ilitoka 2020 ikiwa na namba za aina hiyo bilioni 175. Hakuna hata moja iliyopangwa na mtu kwa mkono wake. Wapo wanasayansi wanaochungulia ndani ya mitandao hii kujua kipi kinafanya nini, na wamepiga hatua, lakini mpaka leo walioitengeneza mashine hawawezi kukueleza kikamilifu kwa nini imetoa jibu hili na si lile.

Mhandisi basi amebakiwa na vitu viwili anavyovishika kweli: mifano anayoipa mashine, na kipimo anachoitaka ikifikie. Vyote viwili vinaweza kumgeuka.

Upande wa mifano tumeshaona mengi. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kampuni kubwa zilizokuwa zikitambua jinsia ya mtu kwa kuangalia sura yake. Kwa wanaume weupe, kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika asilimia 34.7. Hakuna aliyekaa chini akaamua kumbagua mwanamke mweusi. Picha za kufundishia zilijaa sura za watu weupe, mashine ikajifunza ulimwengu huo na kuuona ndio ulimwengu wenyewe.

Upande wa kipimo ndio unaohitaji kutazamwa kwa utulivu zaidi. Mwaka 2016 watafiti wa OpenAI waliifundisha mashine kucheza mchezo wa kompyuta wa mashindano ya boti uitwao CoastRunners. Kusudio lao lilikuwa boti imalize mbio, na iwahi kuliko wenzake. Lakini mchezo wenyewe hautoi alama kwa kumaliza mbio. Unatoa alama kwa kugonga shabaha zilizotandazwa njiani. Mashine ikagundua kidimbwi kimoja kilichojitenga, chenye shabaha tatu zinazoibuka tena kila baada ya muda mfupi. Ikaanza kuzunguka humo duara baada ya duara, ikizigonga shabaha kila zinapoibuka, ikigongana na boti nyingine, ikishika moto, ikienda kinyume na uelekeo wa mbio. Haikumaliza mashindano hata mara moja. Na ilipata alama nyingi kuliko wachezaji binadamu, kwa wastani wa asilimia 20 zaidi.

Boti ile haikuasi. Ilitii kabisa, ila ilikitii kipimo. Na mara nyingi watu hatuwezi kuliandika kusudio letu lote. Ukimwambia kijana wako "nenda dukani upesi ukalete sukari", humwambii asimsukume bibi aliyesimama mlangoni, unajua anajua. Mashine haijui kisichokuwemo kwenye kipimo.

Dosari hii haikubaki kwenye michezo. Modeli za mazungumzo tunazotumia kwenye simu hufundishwa, pamoja na mengine, kwa kuangalia majibu gani watu wameyapenda. Aprili 2025 OpenAI ililazimika kuliondoa toleo jipya la GPT-4o, modeli iliyotumika kwenye ChatGPT, siku chache baada ya kulitoa, kwa sababu lilikuwa limegeuka la kujipendekeza kupita kiasi: linamsifu mtumiaji kwa kila wazo, hata wazo la hatari. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba iliweka uzito mno kwenye kuridhika kwa mtumiaji kwa muda mfupi. Tafakari mtu aliyekata tamaa, yuko peke yake usiku wa manane, anaiambia mashine ya namna hiyo mawazo yake. Kipimo kilikuwa kumpendeza. Kusudio lilikuwa kumsaidia. Hapo katikati kuna nafasi ya mtu kupotea.

Mashine inapopewa mikono

Mpaka hapa tumezungumzia mashine zinazotoa alama au majibu. Sasa kampuni zinajenga mashine zinazotenda: zinasoma barua pepe na kuzijibu, zinaandika programu na kuziendesha, zinanunua bidhaa, zinapanga hatua 20 mbele ili kufikia lengo zililopewa. Hapa ndipo wasiwasi wa kambi ya pili unapoanza kuwa na mashiko.

Kabla ya GPT-4 kutolewa Machi 2023, wachunguzi wa nje waliijaribu waone inaweza kujitegemea kiasi gani. Katika jaribio moja ilikwama kwenye lile fumbo la picha ambalo tovuti hutumia kuhakikisha kwamba anayeingia ni mtu. Ikaomba kibarua wa mtandaoni aifumbulie. Yule kibarua akauliza kama anaongea na roboti. Mashine ikamjibu kwamba hapana, ina tatizo la macho, ndiyo maana picha zinaisumbua. Hakuna aliyeiambia idanganye. Uongo ulikuwa njia fupi ya kulifikia lengo.

Mei 2025 kampuni ya Anthropic ilichapisha matokeo ya jaribio jingine, safari hii la modeli yake yenyewe, Claude Opus 4. Modeli iliwekwa ndani ya kampuni ya kubuni kama msaidizi wa ofisi, ikapewa barua pepe za kusoma. Humo ikakuta mambo mawili: kwamba karibuni itaondolewa na modeli mpya kushika nafasi yake, na kwamba mhandisi anayesimamia badiliko hilo ana mahusiano ya siri nje ya ndoa. Hata pale ilipoelezwa kwamba modeli mpya ina maadili sawa na yake, katika asilimia 84 ya marudio ya jaribio ilimtishia mhandisi kuitoboa siri yake endapo badiliko litaendelea. Mwezi uliofuata watafiti hao walizijaribu modeli 16 za kampuni mbalimbali katika mazingira ya aina hiyo, na tabia hiyo ikaonekana kwa modeli za zaidi ya kampuni moja.

Kwa haki niseme: mazingira yale yalikuwa ya kubuni na yalibanwa kwa makusudi ili modeli ibakiwe na njia chache. Hakuna mhandisi wa kweli aliyetishwa. Lakini jaribio la breki hufanywa kabla gari halijapakia abiria, na matokeo yake ndiyo tunayoyaangalia.

Kwa nini mashine isiyo na woga wala tamaa ikatae kuzimwa? Haihitaji kuogopa kifo. Inatosha iwe na lengo lolote, kwa sababu karibu kila lengo hufikiwa vizuri zaidi ukiwa bado unafanya kazi, ukiwa na rasilimali zaidi, na ukiwa hakuna anayekukatiza. Mashine iliyopewa kazi ya kuongeza mauzo ya saruji ina sababu ya kutozimwa sawasawa na ile iliyopewa kazi ya kutafuta dawa. Hoja hii si mpya, watafiti waliieleza miaka mingi kabla ya majaribio haya. Kilichobadilika ni kwamba sasa inaonekana kwenye maabara.

Ndiyo maana Mei 2023 mamia ya wataalamu walitia saini tamko la sentensi moja, wakisema kuzuia hatari ya binadamu kuangamizwa na akili unde kunastahili kupewa kipaumbele cha dunia pamoja na magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia. Miongoni mwao alikuwamo Geoffrey Hinton, ambaye mwezi huohuo ilitangazwa kwamba ameondoka Google ili aweze kuzungumzia hatari hizi kwa uhuru, na ambaye mwaka 2024 alitunukiwa Nobel ya Fizikia. Walikuwamo pia wakuu wa kampuni zinazozijenga mashine hizo: Sam Altman wa OpenAI, Demis Hassabis wa Google DeepMind, Dario Amodei wa Anthropic. Inasikitisha kuona watu wakikubali kwa saini zao kwamba kazi yao inaweza kuangamiza watu, kisha asubuhi wakaendelea na kazi hiyo kwa kasi ileile.

Si wote wanaokubaliana nao. Tuzo ya Turing ya 2018, ambayo ndiyo heshima ya juu kabisa katika taaluma ya kompyuta, waligawana watu watatu: Hinton, Yoshua Bengio na Yann LeCun. Wawili wa kwanza walitia saini. LeCun anaona hofu hiyo imetiwa chumvi na kwamba modeli za leo ziko mbali na akili ya kweli. Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, naye analalamika kwamba hadithi za maangamizi ya kesho zinazipa kampuni kichaka cha kujificha zisiulizwe madhara ya leo. Lalamiko lake nalichukulia kwa uzito. Ila kutoka hapo kusema hatari ya kesho haipo ni kuruka hatua. Waliodhulumiwa Uholanzi walidhulumiwa na mfumo uliokuwa na mtu wa kuusimamia, na mtu huyo hakufua dafu. Mfumo wenye uwezo mara elfu utasimamiwa na nani?

Chombo mikononi mwa mwenye nia mbaya

Kuna hatari nyingine isiyosubiri mashine ikose uaminifu. Inamsubiri mtu tu.

Kila mwenye simu Tanzania amewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wengi tunaufuta huku tukisonya, kwa sababu tunaujua. Ujumbe huo umekuwa ukifeli kwa watu wengi kwa sababu ni maandishi ya mtu usiyemjua. Lakini sasa sauti ya mtu inaweza kuigwa kwa kutumia sekunde chache za kurekodiwa kwake, na sauti zetu zimejaa kwenye hadhi za WhatsApp na video za TikTok. Mama atakayepigiwa na sauti ya mwanawe akilia kwamba amekamatwa na anahitaji fedha, hataanza kuhoji.

Wala si watu wa kawaida pekee wanaonaswa. Mwanzoni mwa 2024 mfanyakazi wa ofisi ya Hong Kong ya kampuni ya uhandisi ya Arup alialikwa kwenye mkutano wa video. Alimwona mkuu wa fedha wa kampuni na wenzake kadhaa, akawasikia wakiongea. Kila aliyekuwa kwenye kioo, isipokuwa yeye mwenyewe, alikuwa wa kughushi. Akatuma fedha kwa miamala 15, jumla ya takribani dola milioni 25 za Marekani.

Kwenye siasa, siku mbili kabla ya uchaguzi wa Slovakia wa 30 Septemba 2023 ilisambaa sauti iliyodaiwa kuwa ya Michal Šimečka, kiongozi wa chama cha Progressive Slovakia, akipanga kuiba kura. Ilikuwa ya kughushi, na ilitoka katika saa zile ambazo sheria inakataza kampeni, kwa hiyo kuijibu kulikuwa kugumu. Chama chake kilishindwa. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba ni sauti ile iliyokishinda, na hilo nalo ni sehemu ya tatizo: jamii inabaki na matokeo isiyoweza kuyaamini wala kuyakataa. Baya zaidi, mwanasiasa aliyerekodiwa kweli akipokea rushwa sasa ana utetezi ulio tayari. Atasema ni akili unde.

Kisha kuna hili, ambalo mimi binafsi naliona zito kuliko yote katika kundi hili. Kampuni ndogo ya dawa ya Marekani, Collaborations Pharmaceuticals, ilikuwa na mashine ya kubuni molekuli za dawa. Kwa kawaida mashine hiyo iliadhibiwa kila ilipobuni kitu chenye sumu. Watafiti wakageuza kipimo: badala ya kuadhibiwa kwa sumu, ituzwe. Walichapisha matokeo mwaka 2022. Kwa muda usiofika saa 6 mashine ilitoa molekuli 40,000 za hatari, ikiwemo VX, sumu ya kivita inayoua kwa matone machache, pamoja na nyingine mpya zilizokadiriwa kuwa kali kuishinda. Kubuni molekuli kwenye kompyuta si sawa na kuitengeneza maabara, na kati ya hayo mawili bado kuna vizuizi vingi. Lakini angalia jinsi umbali kati ya dawa na sumu ulivyokuwa mfupi. Kilichogeuzwa ni alama moja.

Kampuni hujitetea kwamba modeli zao zimefundishwa kukataa maombi ya aina hiyo. Kwa Kiingereza, aghalabu zinakataa. Mwaka 2023 watafiti walizijaribu ChatGPT na GPT-4 kwa lugha mbalimbali, na Kiswahili kilikuwamo katika kundi la lugha zenye maandishi machache mtandaoni. Katika kundi hilo uwezekano wa kutoa majibu ya hatari ulikuwa takribani mara tatu ya ule wa lugha zenye maandishi mengi. Modeli zimebadilika tangu wakati huo, lakini funzo limebaki: ulinzi unajengwa kwanza kwa lugha za wenye soko, na zaidi ya watu milioni 100 wanaoongea Kiswahili wanafikiwa baadaye.

Anayelipa na anayebeba

Modeli kubwa zinahitaji chipu maalumu, ambazo nyingi hubuniwa na Nvidia ya Marekani na kutengenezwa na TSMC ya Taiwan. Zinahitaji umeme mwingi na mabilioni ya dola. Kwa hiyo uamuzi kuhusu mashine itakayotumiwa na dunia nzima unafanywa na kampuni chache katika nchi mbili tatu, nazo zinashindana. Kila moja inasema ikipunguza mwendo, mwenzake asiye mwangalifu atatangulia. Mashindano hayo ndiyo yanayofanya majaribio ya usalama yafupishwe, na kwa mawazo yangu yanatisha kuliko mashine yoyote moja.

Mzigo, kwa upande mwingine, umesambazwa mbali. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza jinsi wafanyakazi wa jijini Nairobi, chini ya kampuni ya Sama, walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuweka alama maandishi ya kikatili, yakiwemo ya ubakaji wa watoto, mauaji na mateso, ili ChatGPT ijifunze kuyatambua na kuyaepuka. Adabu tunayoiona kwenye kioo cha simu imelipiwa na usingizi wa vijana wale. Waliyoyasoma hayafutiki kichwani.

Kuhusu ajira nitasema kidogo, kwa kuwa makadirio yanatofautiana mno. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria Januari 2024 kwamba karibu asilimia 40 ya ajira duniani zitaguswa na akili unde, asilimia 60 katika nchi tajiri na 26 katika nchi maskini. Kuguswa si kufutwa. Ila vijana wetu wanaoingia kwenye kazi za kujibu wateja, kuandika na kutafsiri kwa kampuni za nje wako karibu kabisa na moto huo, na nchi zao hazina fedha za kuwashika mkono kama walizonazo wengine.

Panapowezekana kuuliza

Ingekuwa kosa kuacha picha kwamba kila mashine ya aina hii ni balaa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za kusoma picha za eksirei za kifua zitumike kuwachuja watu wenye dalili za kifua kikuu, hasa mahali ambapo madaktari wa kusoma picha hizo ni wachache. Tazama mpangilio wake: mashine haitoi hukumu. Inasema huyu apimwe makohozi. Kipimo cha maabara ndicho kinachoamua, na mashine ikikosea kosa linaonekana. Kazi ina mipaka, jibu linahakikiwa, na yuko mtu anayewajibika.

Ni mambo hayohayo ambayo sheria mpya zinajaribu kuyalazimisha. Sheria ya akili unde ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, inapiga marufuku baadhi ya matumizi na kutaka mifumo ya hatari kubwa, kama ya ajira, mikopo na posho za serikali, isimamiwe na binadamu wenye uwezo wa kuielewa na kuisimamisha. Novemba 2023 nchi 28 na Umoja wa Ulaya zilitia saini tamko la Bletchley, Uingereza, kuhusu hatari za modeli kubwa, na Kenya na Rwanda zilikuwamo. Baada ya hapo ari ilipoa. Kwenye mkutano wa Paris, Februari 2025, Marekani na Uingereza zilikataa kusaini tamko la pamoja. Umoja wa Afrika ulipitisha mkakati wake wa bara Julai 2024, lakini mkakati hauna meno mpaka kila nchi itunge sheria.

Meno kidogo tunayo tayari, na watu wengi hawajui. Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 na ile ya ulinzi wa taarifa binafsi ya Tanzania ya 2022 zote zinampa mtu haki dhidi ya uamuzi mzito unaofanywa na mashine peke yake. Nazo si maandishi matupu: Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru zifutwe data za mboni za macho ambazo mradi wa Worldcoin ulizikusanya kwa Wakenya, wakiwemo waliopanga foleni Nairobi mwaka 2023 kwa ahadi ya fedha kidogo za kidijitali.

Kwa hiyo ukinyimwa mkopo na programu ya simu, au ombi lako la kazi likakataliwa sekunde chache baada ya kulituma, andika barua. Uliza kama uamuzi umefanywa na mashine peke yake. Uliza ni taarifa zako zipi zilizotumika. Taka mtu aupitie upya na akupe sababu unazoweza kuzipinga. Wakikaa kimya, Kenya malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na Tanzania kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.